Kuanzia Kwenye Maji: Hotuba kwa Anayepanga Safari Yake ya Kwanza ya Kuvua Baharini kwa Nzi Bandia

Wavuvi wenzangu, na ninyi ambao hamjawahi kushika fimbo lakini mmekuja kusikiliza, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anayeanza anavyoweza kujipangia mwenyewe likizo ya kuvua baharini kwa nzi bandia, bila kununua safari iliyopangwa na kambi ya wavuvi, na bila kuandamana na kiongozi kila siku. Neno langu kuu nalisema sasa hivi, kisha nitumie muda uliobaki kulitetea. Wengi huanza na jina la mahali. Wakishalipenda hununua tiketi, hutafuta nyumba ya kulala, hununua fimbo, na maji huyaangalia siku wanayofika. Nawasihi mgeuze mpangilio huo kichwa chini miguu juu. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji litangulie tiketi, litangulie fimbo, litangulie hata ombi la likizo kazini.

Tuelewane kwanza tunazungumzia uvuvi gani. Si ule wa kukaa ndani ya boti kubwa na kuburuta chambo kwenye kina kirefu. Ni uvuvi wa kutembea kwa miguu katika maji ya magotini, yaliyotandaa juu ya mchanga, matumbawe yaliyovunjika au nyasi bahari. Maji hayo leo nitayaita tambarare. Mvuvi hutembea polepole akimtafuta samaki kwa macho, na harushi mpaka amwone. Anachorusha, yaani nzi bandia, ni ndoana iliyofungwa manyoya, nyuzi na vishanga vya chuma ili ifanane na kamba au kaa mdogo. Kwa kuwa kitu chenyewe ni chepesi mno, kinachobeba mrusho ni uzito wa mshipi, ambao ni mnene na umetengenezwa kwa kazi hiyo. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo raha ilipo.

Samaki wa kumlenga katika safari ya kwanza ni bonifishi. Mwili wake ni mwembamba, mdomo wake umeelekea chini, na magamba yake huakisi rangi ya mchanga alio juu yake, ndiyo maana mara nyingi unaona kivuli chake kabla ya kumwona mwenyewe. Wengi wana kilo moja au mbili tu, lakini akishikwa hukimbia kwa nguvu kiasi cha kutoa makumi ya mita za mshipi kwenye rili, yaani gurudumu linalokunja mshipi, bila kupumzika. Namsifu kwa anayeanza kwa sababu moja kubwa: yeye ndiye anayekuja kwako. Chakula chake ni kaa, kamba na minyoo walioko kwenye tambarare, na ili awapate hana budi kupanda kwenye maji ambayo binadamu anaweza kusimama. Wapo samaki wengine wenye majina makubwa zaidi. Pamiti ni mgumu kiasi kwamba wavuvi waliobobea hukaa wiki nzima bila kumpata hata mmoja. Taponi mkubwa kwa kawaida anataka boti. Kolekole mkubwa anataka fimbo nzito ya namba 12 (namba huonyesha uzito wa mshipi ambao fimbo hubeba) na mkono uliozoea kuirusha. Hao waacheni kwa safari za baadaye. Mzia akipita mbele yako mrushie, lakini uwe na kipande kifupi cha waya mbele ya nzi, maana meno yake hukata uzi wowote.

Sasa turudi kwenye maji, na hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Pwani nyingi za joto hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Bonifishi huishi kwa ratiba hiyo. Maji yakipwa yuko kwenye mikondo yenye kina, nje ya tambarare. Yakianza kujaa hupanda pamoja nayo, mara nyingine maji yakiwa machache mpaka mkia wake unachomoza hewani anapochimba mchangani. Yakijaa kabisa huingia ndani ya mikoko ambako huwezi kumfikia. Yakianza kupwa tena hutoka, na hupita kwenye midomo ya hori na kingo za mikondo akirudi kule alikotoka. Kwa hiyo katika siku nzima zipo saa chache ambazo wewe na samaki mnaweza kukutana: saa mbili tatu za mwanzo za kujaa, na saa mbili tatu za mwisho za kupwa. Zinazobaki unatembea tu.

Ongeza jambo la pili, mwanga. Uvuvi huu ni wa macho, na macho hayapenyi maji jua likiwa chini. Saa nzuri za kuona ni kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mbingu ikiwa wazi. Basi unachotafuta kwenye kalenda ni wiki ambayo maji yanatembea ndani ya saa hizo sita. Maji mazuri yakija alfajiri na magharibi tu, utakuwa kwenye kisiwa kizuri, kwenye nyumba nzuri, huku saa za kuona zikipita maji yakiwa yamelala.

Na kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi, nalo ndilo linalofanya upangaji huu uwezekane miezi mingi kabla. Mahali pamoja, bamvua, yaani maji makubwa ya wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huja na saa zake zilezile. Kama siku ya mwezi mpevu maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, bamvua ijayo nayo itapwa karibu saa nne, na ya baada ya hiyo vilevile, kwa sababu mwezi, jua na pwani ile vimerudi kwenye mpangilio uleule. Kwa hiyo fungua jedwali la bandari iliyo karibu na unakotaka kwenda, tafuta siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, uone maji yanapwa saa ngapi. Yakipwa saa nne asubuhi, wiki ya bamvua inakufaa, maana yatakuwa yanajaa katika sehemu kubwa ya saa nzuri za mwanga. Lakini mahali hapo bamvua ikiwa inapwa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, maji yatajaa kabisa saa nne asubuhi na samaki watakuwa mikokoni. Hapo sogeza safari kwa wiki moja, uende wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hujaa na kupwa kidogo, maana siku saba za kuchelewa zitakuwa zimeipeleka ile saa kumi ya alfajiri mpaka karibu saa nne asubuhi. Hesabu hii inachukua dakika kumi, na haigharimu chochote.

Kati ya bamvua na maji mafu lipi ni jema? Bamvua hufunika eneo kubwa, na samaki hupanda mbali sana, lakini maji huenda kwa kasi na muda wa kukutana nao ni mfupi. Maji mafu ni mapole, ila tambarare iliyoinuka inaweza isipate maji ya kutosha. Mimi kwa anayeanza napenda siku zinazotoka kwenye maji mafu kuelekea bamvua, kila siku maji yakiongezeka kidogo, kwa sababu tambarare iliyokuwa kavu Jumatatu itakuwa imeingiwa na samaki Alhamisi, na utajifunza mwendo wao hatua kwa hatua.

Jedwali ni la bandari, nanyi hamtavua bandarini. Ndani ya hori ndefu au nyuma ya kisiwa maji huweza kuchelewa saa moja, mbili, hata tatu. Siku ya kwanza ukifika, chomeka kijiti mchangani kwenye ukingo wa maji, tazama saa, andika. Upepo nao una neno lake. Ukivuma siku kadhaa kutoka upande mmoja unaweza kuyazuia maji yasitoke au kuyasukuma yasiingie, na katika pwani ya Karibi ya Meksiko, ambako tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mara nyingi upepo ndio unaoamua kina cha siku.

Baada ya kuutazama mwezi wa angani, angalieni msimu. Katika Atlantiki na Karibi msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Desemba hadi Februari, Bahamas hupata mawimbi ya hewa baridi kutoka kaskazini. Maji ya kina kifupi hupoa haraka, na yakishuka chini ya nyuzijoto 20 hivi bonifishi hushuka kwenye kina mpaka jua liyapashe tena. Kwa hiyo kwa upande huo wa dunia miezi ya Machi, Aprili na Mei ni ya kutegemewa zaidi kwa mtu mwenye wiki moja tu ya likizo.

Sasa ndiyo tuje kwenye mahali, na swali la kwanza ni kama unaweza kufika kwa miguu. Si kila eneo maarufu linafaa kujipangia. Visiwa vya mbali vya Ushelisheli, kama Cosmoledo na Farquhar, vina sifa kubwa duniani, lakini si mahali pa kufika kwa gari la kukodi. Lazima uingie kwenye safari iliyopangwa. Kiritimati, katika nchi ya Kiribati, ina tambarare nyingi kupita kiasi, ila kwa kawaida mvuvi hupelekwa kwa boti kutoka moja hadi nyingine. Florida Keys, visiwa vya Marekani, ina barabara nzuri na bonifishi wakubwa, ila samaki wale wamezoea kuwindwa na hukimbia kwa kosa dogo. Si darasa la kwanza. Anayetaka kutembea atazame visiwa vya Bahamas kama Long Island, Eleuthera na Acklins, au kijiji cha Xcalak kusini mwa pwani ya Karibi ya Meksiko, karibu na mpaka wa Belize. Huko kuna barabara, kuna nyumba za kupanga, na tambarare za kutosha kufikiwa bila boti.

Ukishapata eneo, kaa na picha za setilaiti jioni nyingi. Mchanga mweupe unaonekana mweupe, nyasi bahari zinaonekana na weusi wa kijani, mikondo ni mistari ya buluu iliyokolea inayokata katikati ya weupe. Usitafute tambarare kubwa, maana itakumeza na hutajua pa kusimama. Tafuta mahali ambapo mkondo mmoja mwembamba unalisha tambarare ndogo, kwa sababu samaki wote wa hapo watapita mlangoni humo. Fuatilia barabara mpaka mwisho wake uone kama inafika ufukoni. Kwenye Google Earth unaweza kufungua picha za miaka tofauti. Zilizopigwa maji yakiwa yamepwa zitakuonyesha vishimo na njia ambazo picha ya maji yaliyojaa imezificha. Weka alama kwenye sehemu kumi au zaidi, na kando ya kila alama andika: ya kujaa, ya kupwa, ya upepo wa mashariki, ya upepo wa kusini. Siku mbaya itakapokuja, na itakuja, utakuwa na pa kwenda.

Jambo la sheria silipitii juujuu. Bahamas ilitunga kanuni za uvuvi wa tambarare mwaka 2017, na mgeni anatakiwa kuwa na kibali. Belize tangu 2009 inataka bonifishi, pamiti na taponi wanaovuliwa na wavuvi wa burudani warudishwe majini. Florida iliweka sharti kama hilo kwa bonifishi na taponi mwaka 2013. Kanuni hubadilika, kwa hiyo someni tangazo la mamlaka ya nchi husika yenyewe, wiki chache kabla ya kuondoka, na mtembee na kibali chenu ndani ya mfuko usioingia maji. Njia ya kwenda ufukoni ikipita kwenye kiwanja cha mtu, bisha hodi, omba ruhusa. Mkiwakuta wavuvi wengine kwenye tambarare, tafuteni nyingine.

Na hapa nina ombi la moyoni. Kujipangia mwenyewe kusiwe sababu ya kuwapita wenyeji kama hawapo. Maarifa mengi tunayotumia yalitoka kwao. Nzi anayejulikana sana kwa bonifishi, Crazy Charlie, alizaliwa kisiwani Andros katika miaka ya 1970, Mmarekani Bob Nauheim alipokuwa akivua na kiongozi wa Bahamas Charlie Smith, na jina lenyewe ni la huyo kiongozi. Kwa hiyo bajeti yako iwe na siku moja ya kumwajiri kiongozi wa hapo, na siku hiyo iwe ya kwanza, si ya mwisho. Mwambie wazi kwamba siku zilizobaki utatembea peke yako na unataka kujifunza kuona. Usimwombe siri za sehemu zake. Mwombe akusimamishe, akuonyeshe kivuli, akueleze kwa nini samaki yule amegeuka. Saa sita pamoja naye zitakupa macho ambayo ungeyatafuta wiki nzima.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa kuwa hapa ndipo watu hutumia fedha nyingi na kupata faida ndogo. Fimbo ya namba 8, urefu wa futi 9, inayogawanyika vipande vinne ili iingie kwenye mzigo wa mkononi. Rili ya maji ya chumvi yenye breki laini, iliyojaa uzi wa akiba wa mita 150 au zaidi. Mshipi unaoelea uliotengenezwa kwa nchi za joto. Huu msiupunguzie, maana mshipi wa maji baridi ukipata joto hulegea na kunata kwenye pete za fimbo. Uzi wa mbele wa flurokaboni, futi 9 hadi 12. Nzi wa aina tatu au nne wanatosha, wakiwa Crazy Charlie, Gotcha na kaa wadogo, lakini kila aina iwe na uzito tofauti: vishanga vizito kwa maji ya mapajani, vyepesi kwa maji ya chini ya goti, na wengine bila vishanga kabisa kwa samaki wanaochomoza mikia, kwa sababu nzi mzito akidondoka juu ya kichwa cha samaki huyo, hutamwona tena. Viatu vya majini vyenye soli ngumu. Kila jioni osheni vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kitu kimoja kwenye orodha hiyo ni muhimu kuliko fimbo, nacho ni miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi, zile zinazokata mng'ao wa maji. Rangi ya kahawia au shaba inafaa zaidi kwenye tambarare. Pamoja nayo vaa kofia yenye ukingo mweusi kwa chini, ili mwanga usiakisiwe machoni. Mwenye fimbo ya bei ndogo na miwani nzuri atavua. Mwenye fimbo ya bei kubwa na miwani mbaya atapita katikati ya samaki asiwaone.

Na sasa mazoezi. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa hili hamwezi kulifanya mkishafika. Kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, toka nje na fimbo kwa dakika ishirini kila siku unayoweza. Kata ndoana kwenye nzi mmoja au funga kipande cha sufi. Usishindane kwa umbali. Lengo ni kufikisha nzi mita 12 hadi 15, ndani ya duara dogo, baada ya kuupunga mshipi hewani mara mbili au tatu tu. Samaki hakungoji, kila unapoupunga mshipi juu yake unampa nafasi nyingine ya kukuona.

Toka siku yenye upepo, na ukikosa upepo subiri upepo. Baharini upepo utakuwepo kila siku, na mara nyingi utatoka upande wa mkono unaorushia, ukikusukumia ndoana usoni. Jifunze kugeuka ukaupa mgongo upande unaolenga, kisha uachilie mrusho wa nyuma uwe ndio mrusho wenyewe. Jifunze pia kuuvuta mshipi kwa mkono wa pili wakati fimbo inakwenda nyuma na tena inapokwenda mbele. Mvuto huo wa mara mbili ndio unaoupa mshipi kasi ya kuukata upepo. Anza kila zoezi kama utakavyoanza kwenye maji: nzi amebanwa kati ya vidole, mita tatu za mshipi ziko nje ya ncha ya fimbo, mshipi uliobaki umelegea miguuni. Mwenzako akitaja upande na umbali, rusha. Ukiwa peke yako tupa kofia nyasini na uirushie pale ilipoangukia.

Halafu lipo lile la kumnasa. Mtu aliyezoea kuvua mitoni kwa fimbo hunyanyua fimbo juu samaki anapouma. Ukifanya hivyo kwa bonifishi unamnyang'anya nzi mdomoni. Fimbo ibaki chini ikimwelekea, na mkono uvute mshipi kwa mvuto mmoja mrefu mpaka usikie uzito wake. Rudia hilo nyumbani mpaka mkono ulijue bila kuuliza kichwa: rusha mbele yake kiasi cha mita mbili, acha nzi azame, anapokaribia vuta kidogo kidogo, akiinamisha kichwa na kuinua mkia vuta ule mvuto mrefu. Atakapokimbia, usimtazame yeye. Tazama mshipi uliolegea miguuni mwako, uuongoze kwa vidole mpaka wote umeondoka, usizunguke kitufe wala kiatu. Samaki wengi wa kwanza hupotea katika sekunde hizo tatu.

Kuhusu usalama, mtu anayetembea peke yake anajibeba mwenyewe, basi ajibebe vizuri. Burutani miguu, msiinyanyue, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, aliyejifukia mchangani awasikie na kuondoka. Akimchoma mtu, mguu uwekwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto hupunguza maumivu ya sumu yake, kisha aende kwa daktari, kwa sababu kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Ukisikia radi, hata ya mbali, toka majini. Fimbo zetu zimetengenezwa kwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kwenye tambarare wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na umeshika kitu kinachokurefusha zaidi. Kabla ya kuvuka mkondo wowote wakati wa kujaa, jiulize utarudije saa mbili baadaye, kisha weka kengele kwenye simu ya saa ya kugeuka, na ikilia geuka hata kama samaki wako mbele yako. Mwachie aliyebaki nyumbani ujumbe wa mahali ulipoegesha gari na saa utakayorudi. Beba maji ya kunywa lita tatu au zaidi. Funika mwili kwa mikono mirefu, glavu nyepesi na kitambaa cha shingo na uso, ndipo upake mafuta ya jua palipobaki wazi. Hawaii na Palau zimepiga marufuku baadhi ya mafuta hayo yenye kemikali zinazodhaniwa kuyadhuru matumbawe, na ni vema tuziache kokote tuendako.

Mkishampata samaki, kazi haijaisha. Kwenye maji hayohayo kuna papa na mizia, nao wanamtambua aliyechoka. Utafiti uliofanywa Bahamas kwa kuwafuatilia bonifishi walioachiliwa ulionyesha kwamba wale waliopoteza mizani, yaani walioshindwa kusimama wima majini, ndio walioliwa zaidi, na muda wa kukaa nje ya maji ni sehemu kubwa ya sababu. Kwa hiyo bonyezeni kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua, ili itoke kwa mguso mmoja. Mleteni haraka, msimchezee. Lowesheni mikono. Mkitaka picha, kamera iwe tayari kabla samaki hajainuliwa, naye ainuliwe huku maji yakimdondoka, kisha arudi ndani. Akilala ubavu, mshikeni wima mpaka apige mkia mwenyewe. Mkimwona papa karibu, hameni sehemu hiyo kabla ya kurusha tena.

Mwisho wa mpango ni watu mnaosafiri nao. Ukienda na mwenza au watoto ambao hawavui, jedwali la maji linakusaidia tena, kwa sababu unajua tangu mwanzo ni saa zipi utakuwa majini na zipi uko huru. Waandikie kabla ya safari: Jumanne niko majini kuanzia saa tatu hadi saa nane, jioni yote ni yenu. Watu huvumilia sana wanachokijua. Kinachowachosha ni kungoja mtu asiyejua atarudi lini. Na katika wiki ya siku saba acheni siku moja bila kuvua, ikiwezekana ile ambayo jedwali linaonyesha maji mabaya, mpumzishe miguu na macho.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: kila mmoja achague pwani moja tu, atafute jedwali lake la mwaka ujao, azungushie duara wiki tatu ambazo maji yanatembea mchana, aje nazo hapa tuzilinganishe na msimu wa pwani hiyo. Tiketi bado. Nimeweka fimbo mbili za namba 8 uwanjani, zimefungwa sufi badala ya nzi, na upepo unatoka upande wa kulia. Maswali nitayajibu hukohuko tukiwa tunarusha. Asanteni sana.